Mama Mkwe Wangu Tangu Amwone Nday

Kwa Bwana Mkurugenzi wa televisheni ya mji wetu,

Salamu kwako na kwa wote wanaofanya kazi chini ya mnara wenu. Mimi ni Christophe Mwepu, mwalimu hapa Kamina. Ninamlalamikia mchekeshaji wenu Nday, yule asiyesema neno, kazi yake kuanguka tu.

Mama mkwe wangu, Mama Mbayo, tulimleta kutoka Kaniama alipofiwa na mumewe. Alikaa kimya, akila kidogo, akiinamisha macho kila nilipopita, kama desturi ya Kiluba inavyotaka kati ya wakwe. Nyumba ilikuwa na adabu. Kisha mkamwonyesha Nday akipakia godoro kwenye baiskeli, mwishowe godoro likampanda yeye. Mama akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Tangu hapo:

1. Hainamishi macho tena. Ananitazama nikimega matonge ya bukari, ugali wetu, kisha anawaigizia wajukuu: shavu moja limevimba, nyusi zinapanda na kushuka. Mke wangu hulazimika kutoka nje.

2. Anakwenda kisimani kwa mwendo wa Nday, magoti mbele, mwili nyuma. Majirani wanamsindikiza. Ndoo inarudi nusu.

3. Kwenye matanga ya mzee Kalombo, aliigiza jinsi marehemu alivyokuwa akipambana na mbuzi wake. Mjane alicheka. Padri aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Niliyebaki nikiomboleza ni mimi peke yangu, nao wakaniuliza kama ninaumwa.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, Nday afungwe kwenye kiti asome habari, na nyusi zake zibandikwe plasta.

Wasalimie mafundi wako, na wazazi wa Nday pia, ingawa wangemfundisha kusimama.

Wako katika mateso,
Christophe Mwepu

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, Mama ametuambia kwamba moyo wake umepoa, sasa anarudi Kaniama. Watoto hawakula. Nami nikabeba beseni la maji, nikajiangusha mlangoni makusudi, ili abaki. Hakucheka. Aliniinua, akasema kwa upole, "Mukwe wangu, weye hauyue kuanguka. Unaanguka sawa mufuko ya mihogo."

Tafadhali mtume Nday aje anifundishe, ila polepole. Mama amekubali kubaki mpaka nijue kuanguka.