Mheshimiwa Ubavu Atafuta Picha Nyingine

Jumatatu, 12 Januari

Simu haikuwa imelia tangu Alhamisi. Leo imelia. Kampuni ya simu! Wananiuliza kama nataka mlio mpya. Nimemwambia yule binti kuwa huu wa zamani haujachakaa, hautumiki sana. Tumezungumza dakika nne. Binti mwenye adabu.

Swabir yuko gazetini tena. Ukurasa wa kumi na moja. Amembebea bibi mmoja dumu la maji, na chini ya picha wameandika: mwakilishi wadi anayejishusha. Nimeitazama kwa miwani, kisha kwa miwani miwili. Dumu ni tupu! Dumu la lita ishirini lenye maji humvuta mtu bega. Bega la Swabir limenyooka kama rafu ya duka. Lakini nani ataangalia bega? Watu wameona kiongozi, wameona dumu, basi.

Kiti hicho kilikuwa changu kabla yake, miaka mitano. Nilichimbisha visima vitatu. Hakuna picha ya kisima hata kimoja. Picha yangu ni moja tu: matangani kwa Mzee Matano, hapa hapa Msambweni, miezi miwili kabla ya kura. Mzee ameketi, uso ameufunika kwa kiganja, amemzika mwanawe siku hiyo. Ubavuni pake mimi, kinywa wazi kama samaki chewa, nyama ya mbuzi inaingia, ubavu mzima na mfupa wake. Aliyeipiga ni Cynthia, mwandishi wa gazeti, mtu wa bara anayekaa Ukunda. Ilizunguka simu zote kuanzia Vanga mpaka Likoni. Tangu hapo mimi si Mheshimiwa Amin Kombe. Ni Mheshimiwa Ubavu. Hata muuza mkaa ananiita hivyo, tena kwa heshima zote: shikamoo, Mheshimiwa Ubavu.

Nimefikiri. Picha iliyoniangusha ni moja, basi itakayoniinua ni moja vile vile. Nimempigia Cynthia. Amesema kwa upole kuwa nikiwa na habari nimwambie.

Habari ninayo. Habari ni mimi.

Jumatano, 14 Januari

Mikoko! Kiongozi aliyeingia matopeni kwa ajili ya mazingira hasemwi na mtu. Nimekwenda Bodo, pale wanapopandia boti za Funzi, ambako Mwanarusi na kikundi chake cha akina mama hupanda mikoko kila Jumatano. Cynthia aliahidi kujaribu kufika. Hakufika. Nikapanda tu, asije akatokea nimekaa. Nilipofikisha mche wa arubaini Mwanarusi akaniambia, kwa kunistahi, kwamba yote nimeitia kichwa chini. Akina mama wakaing'oa wakaipanda upya. Walikuwa wepesi kuliko mimi.

Nikampa Mwanarusi simu yangu anipige picha. Akapiga. Matope yamo yote. Kichwa changu hakimo.

Kiatu kimoja kimebaki huko.

Jioni nimekula mkate na chai nimesimama jikoni. Nikiketi mezani peke yangu meza huwa ndefu. Mke wangu Twaiba alikwenda Jego kwa binti yetu aliyejifungua. Alisema arubaini ikiisha atarudi. Mtoto sasa anatambaa.

Ijumaa, 16 Januari

Leo Waziri amekuja kufungua chumba cha barafu cha samaki. Mpango wangu haukuwa na dosari. Wapiga picha hupenda jua liwe mgongoni mwao. Kwa hiyo watasimama upande wa bahari. Kwa hiyo bega la kulia la Waziri ndilo la dhahabu. Nimefika saa moja asubuhi, nikasimama penye bega hilo kabla ya Waziri mwenyewe kuwa na habari nalo. Saa tatu nzima, kama mnazi.

Waziri alipofika, mlinzi akaniondoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye chai. Nikarudi. Akaniondoa. Nikazunguka nyuma ya mizani ya samaki nikatokea upande wa pili, na kamera hizo zikaanza! Nikatabasamu. Papo hapo Swabir akanyanyuka mbele yangu. Alikuwa ameinama kumwokotea Waziri mkasi. Kumbe hata mkasi unajua kumwangukia nani.

Jumamosi, 17 Januari

Nimo gazetini! Waziri, utepe, Swabir, na nyuma ya kofia ya Swabir, sikio. Ni langu. La kushoto. Nalijua kwa kovu lake.

Nimeipiga picha ile kwa simu, nikalizungushia sikio duara jekundu, nikampelekea Twaiba. Baada ya saa mbili amejibu neno moja: Umekula?

Nimejibu nimekula. Sikuwa nimekula.

Jumapili, 18 Januari

Nimekuwa nikitibu kidonda pasipo kidonda. Kidonda kiko kwa Mzee Matano! Watu wakiniona namfariji mzee yule yule, kwenye kibaraza kile kile, ile picha ya zamani itajifia yenyewe.

Kuna ugumu. Sijakanyaga kwake tangu matanga. Miaka mitatu na nusu. Nyumba yake ni ya sita kutoka kwangu, nami hupitia nyuma ya shule nisikutane naye. Mtu niliyekula nyama kando ya machozi yake, tena nchi nzima ikaona, atanipokeaje? Lakini mbele ya kamera hatanifukuza. Mzee ana adabu.

Cynthia amekubali kupita kesho saa nne.

Jumatatu, 19 Januari

Nimevaa kanzu, kofia ya vito, leso mfukoni ya kufutia machozi, yake au yangu. Saa nne kamili nimefika. Saa nne na dakika moja Cynthia amepiga simu: lori limepinduka Mackinnon Road, mhariri amemtuma huko. Nikageuka nirudi. Lakini Mzee alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Umechelewa."

Nikamwonyesha saa yangu, kwamba ni saa nne tu.

"Umechelewa miaka mitatu," akasema, akanikunjulia mkeka.

Akaleta chai ya tangawizi na mihogo ya nazi. Tukanywa. Sikujua nianzie wapi, kwa kuwa maneno niliyoyaandaa yalikuwa ya kusemwa mbele ya kamera. Mwishowe nikamwomba radhi kwa ile picha. Akaweka kikombe chini.

"Ile nyama nilikutilia mimi."

Sikumwelewa.

"Wewe ulishuka kaburini kumpokea mwanangu," akasema. "Hukuwa umetia kitu mdomoni tangu alfajiri. Nikakuwekea ule ubavu, nikakwambia: kula, baba, ukila wewe na mimi nitapata kumeza. Ukala. Kisha nami nikala, matonge mawili. Hayo kamera haikuyasubiri."

Nilikuwa nimesahau! Wallahi nilikuwa nimesahau. Nimeitazama ile picha mara nyingi hata siku yenyewe ikanitoka. Sasa ikanirudia: udongo kwenye kucha zangu, na mkono wa mzee ukinisogezea ule ubavu.

Akasema watu wengi walikuja wakatoa pole wakaondoka, mimi nililala pale siku tatu. Kisha nikapotea. Yeye akadhani ameniudhi kwa jambo fulani. Naye akaanza kupitia upande wa pili, nisimwone!

Vumbi liliniingia machoni. Upepo haukuwapo.

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda tena. Tumecheza dhumna. Amenifunga mara saba. Anachungulia, mzee yule, nimemwona. Simu niliisahau nyumbani, na niliporudi ndipo nikajua nimeisahau.

Jumatano, 21 Januari

Amepika kunde. Chumvi imezidi. Nimekula sahani mbili. Amenieleza habari za marehemu mwanawe, Nassir, kwamba udogoni alikuwa akificha bamia chini ya mkeka, na siku mkeka ulipokunjwa zikakutwa za wiki nzima. Mzee amecheka mpaka akakohoa. Anasema hana mtu wa kumsimulia hayo, kila mtu huogopa kulitaja jina.

Nimerudi nyumbani nimeketi mezani. Ni meza ya kawaida tu. Ya watu wanne.

Alhamisi, 22 Januari

Wazo! Nimeamka nalo alfajiri, nikasali haraka lisinitoroke.

Ukweli wenyewe ndio habari! Nyama ilitoka mkononi mwa mfiwa! Nimempigia Cynthia, nikamsimulia yote bila kupumua.

"Hiyo sasa ni story, mheshimiwa," akasema. "Acha mzee aongee, mimi niandike. Nitampiga picha akiongea, inatosha."

Inatosha! Watoto wa siku hizi. Nilipoanguka, kuna mtu aliyesoma maneno? Watu waliona. Picha huuawa na picha. Lazima uonekane mkono, uonekane ubavu, uonekane ubavu ukitoka kwa mzee ukija kwangu. Bila hivyo ni hadithi ya wazee wawili na chai.

Mwanarusi amekubali kupika pilau Jumamosi. Nimemwomba pia aketi nyuma ainamishe kichwa kama mtu wa matangani. Amesema kupika atapika, kulia hatalia.

Mzee sijamweleza. Nimemwambia tu nitaleta chakula tule pamoja. Jambo zuri likielezwa mapema huharibika.

Jumamosi, 24 Januari

Mzee alikuwa amefagia kibaraza. Alikuwa amenunua ndizi. Nayaandika haya kwa kuwa nayaona bado.

Akaenda msikitini kusali adhuhuri. Mimi nikabaki nikapanga. Mkeka mahali pale pale. Sinia katikati, mbavu juu ya pilau, kubwa mbele. Mimi na kanzu ile ile ya siku ile, sasa inanibana. Cynthia akaniuliza mara mbili kama mzee anajua. Nikamwambia mzee ni kama baba yangu.

Mzee akarudi. Akaona sinia, akafurahi. Akaketi. Kisha akaona kamera. Nikamweleza upesi upesi, huku nikimgeuza kidevu kidogo kuelekea jua. Nikamwambia aufunike uso kwa kiganja kama siku ile, halafu ashike ubavu anisogezee, polepole, Cynthia apate kumpata.

Akaushika ubavu. Akaangalia mkeka, akaangalia mlango, pale walipomtolea Nassir.

"Amin," akasema, "wanitaka nimzike tena?"

Nikasema ni dakika moja tu.

Kwa nini nilisema ni dakika moja tu?

Akaurudisha ubavu juu ya wali, taratibu, kama mtu anayelaza kitu kisiamke. Akanawa mikono. Akaingia ndani. Nikasikia komeo.

Cynthia alikuwa amepiga moja. Akanionyesha: mimi peke yangu, sinia mbele, mkono nimeunyoosha, nyuma yangu mlango umefungwa.

"Hii siwezi tuma, mheshimiwa."

Nikamwuliza kwa nini, nuru mbona ilikuwa nzuri. Akaniangalia.

"Hata ile ya kwanza, kama ningeuliza mtu kwanza, singetuma," akasema. Akafungasha vitu vyake akaondoka bila kula.

Mwanarusi akanifungia pilau, niende nayo.

Jumapili, 25 Januari

Nimegonga mara mbili. Nikaweka sikio mlangoni. Dhumna zinapangwa. Anacheza peke yake, mkono wake na wangu.

Ndizi zilikuwa bado kibarazani. Nikaziingiza kivulini.

Twaiba amepiga simu, ameuliza kama nimekula. Nikamwambia ukweli, kwamba sikula, na kwamba nimemkosea mtu. Akaniambia niende nikamwombe radhi, nisipeleke kitu wala mtu, nikae mlangoni mpaka afungue. Nikasema haya. Akasema akisikia nimefanya hivyo atapanda gari aje anitazame. Atarudi!

Jumatatu, 26 Januari

Asubuhi nimelia. Kulia kweli, kwa sauti, nimekaa kitandani, vile ambavyo sikulia hata matangani. Nikamkumbuka Nassir na bamia zake, nikamkumbuka mzee na ufagio. Moyo wangu ulikuwa safi kabisa, sijapata kuwa hivyo.

Ndipo nikatambua. Huu ndio uso! Huu ndio uso ambao nchi hii haijauona! Nikakimbilia kioo cha bafuni nione unavyoonekana. Nilipofika machozi yalikuwa yameshakauka.

Nimempigia Cynthia. Hakupokea. Nimemwandikia kwamba leo baada ya alasiri nakwenda kuomba radhi mlangoni kwa Mzee Matano, radhi ya kweli, sipeleki kitu wala mtu, kama alivyonishauri mke wangu. Nikamwomba asimame mbali, kule kwenye ukuta wa shule, jua likiwa mgongoni mwake, mzee asimwone.

Kioo kidogo nimekitia mfukoni mwa kanzu. Safari hii kitakuwa karibu.