Moli kwa Moli na Kazimili

Jumatatu, 8 Julai 1996
Kijijini Mabawe. Mtama umekwisha! Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya Francisca, binti yangu wa mwisho, na pombe ya ndizi bila mtama haichachi. Inabaki maji matamu ya watoto. Wakwe watasema hapa hakuna mwanamume. Nimesema mtama umeliwa na panya. Francisca anasema panya huyo huvaa kofia na hunywa kwa mrija. Jirani Kazimili anao mtama, lakini anataka madebe mawili ya maharage kwa debe moja. Mwizi!

Jumanne, 9 Julai
Mwalimu Ntakirutimana, mkimbizi wa Burundi, katoka kambini kununua ndizi. Shikamoo mzee, marahaba. Kwao alifundisha kemia. Nikamwambia hata mimi msomi, darasa la pili karibu lote. Akasema vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo mno, hakuna wa kuzihesabu moja moja. Basi wakemia wana idadi yao, moli, kama sisi tunavyosema dazeni, ila hiyo ni kubwa ya kutisha: sita, halafu tarakimu ishirini na tatu nyuma yake! Moli ya kitu hiki na moli ya kitu kile, idadi ni ileile. Akaongeza habari ya uzito, na dazeni ya mayai na dazeni ya maboga, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Idadi sawa, debe sawa! Kazimili amekwisha.

Jumatano, 10 Julai
Nimemwendea. Nikamwambia wasomi siku hizi hawabadilishani kwa debe, ni moli kwa moli, punje kwa punje. Akaniuliza mara mbili: punje moja ya mtama kwa punje moja ya harage? Nikasema ndiyo, au hujasoma? Akamwita mkewe, Genoveva, aje asikie. Akaniita Profesa Matiasi. Tukanywa kibuyu kimoja, mrija wake na wangu. Neno lililonywewa hivyo halirudi. Mjinga kweli yule! Hakubishana hata kidogo.

Alhamisi, 11 Julai
Siandiki mengi.
Nilipeleka debe la maharage. Genoveva akajaza mtama kwenye kiberiti kitupu, akahesabu punje, akahesabu maharage kwa idadi ileile. Yakajaza kikombe cha chai, yakamwagika! Akasema basi, hakuna haja ya kuhesabu tena: kila kiberiti, kikombe. Debe likaisha. Mtama wangu haukujaza kofia. Nimerudi nao kichwani, kofia mkononi, hapana, mtama mkononi, kofia... Kazimili alinisindikiza hadi njiani akicheka. Aliniuliza kama Profesa anahitaji mtu wa kumbebea.

Jumamosi, 13 Julai
Wakwe wamefika. Wamekunywa pombe yangu. Mkwe mkubwa akauliza kwa adabu kama hii ni ya akina mama. Nikasema ni ya kisasa. Francisca akaanza kulia nyuma ya nyumba. Ndipo Kazimili akatokea na mitungi miwili inayotoa povu, akasema jirani yake Matiasi alimwachia aitunze isichokozwe na panya. Wakashangilia. Wakamkalisha kwenye kiti changu. Akawa msemaji wa upande wetu! Mahari imekubaliwa, Francisca kafuta machozi. Genoveva alileta na chakula. Maharage matamu sana. Nikayatambua.

Jumatatu, 15 Julai
Mwalimu amekuja, nikamsimulia. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, mzee, ungesubiri nimalize! Idadi sawa si mzigo sawa. Nikamwambia asinifundishe, kosa nimeshalipata mwenyewe. Maharage ni madogo, hayamtishi mtu. Safari hii natumia kitu kikubwa. Maboga! Ninayo dazeni nzima, makubwa hasa. Nimeshakwenda kwa Kazimili: boga kwa harage, moli kwa moli. Amekubali kabla sijamaliza kusema, na kibuyu tumekunywa.
Nimeazima magunia mawili ya kubebea maharage yangu.