Bwawa Limejaa, Tunaomba Msilisumbue

Ofisi yetu ina fahari kuutangazia umma kwamba Bwawa la Juu limejaa pomoni, jana pia lilijaa, na kwa uwezo wa Kamati litaendelea kujaa.

Wapo wanaobeza kwamba bwawa la mlimani ni teknolojia ya babu zetu. Tunawajibu: ya kale ni dhahabu. Usiku watu wakilala, umeme wa ziada huendesha pampu, nazo hupandisha maji mlimani. Jioni kila nyumba ikiwasha taa na pasi, maji huteremshwa, mitambo ikazunguka, umeme ukarudi. Ndivyo ilivyokuwa hadi Mheshimiwa Waziri alipolitembelea bwawa jioni moja na kuyaona maji yakipungua mbele ya macho yake.

"Nani anayakula haya maji?" aliuliza.

Ikaundwa Kamati ya Kulinda Ujazo, mwenyekiti mimi. Tuliamua kwa kauli moja: akiba haiozi, kwa hiyo haiguswi. Pampu zipandishe, lango lisifunguliwe. Anayetaka lifunguliwe alete kibali cha Kamati, chenye mhuri, kwa mkono. Amri ya simu isisikilizwe hata itoke kwa nani, maana matapeli hawakosekani mjini. Maji yakizidi humwagikia bwawa la chini, nasi tunayapandisha tena. Wataalamu wanaita hasara. Sisi tunaita mzunguko.

Kweli, taa huzimika kila jioni. Lakini ujazo ni asilimia mia.

Dada yangu mkubwa, mwenye mashine ya kuangulia vifaranga, alinifuata ofisini akihema.

"Kaka, mayai yamekaribia kuanguliwa. Umeme ukikatika tena leo, yote yatakuwa viza. Sina kazi nyingine mimi."

"Dada, fikiria taifa."

"Taifa linataga? Fungueni hilo lango, hata jioni moja tu!"

"Akiba ni akiba," nilimwambia kwa upole wa kiofisi. "Ukiitumia, inakuwa matumizi."

Alinitazama kama asiyenijua. "Mama alipofariki nilikubeba mgongoni kutwa. Nguvu zile ningeziweka akiba, ungekuwa wapi leo?"

Roho iliniuma, sifichi. Lakini huruma haimo kwenye kanuni. Nilimsindikiza hadi kwenye lifti.

Kesho yake jioni tulikuwa na Sherehe ya Ujazo Kamili, ghorofa ya juu kabisa. Waziri, Kamati nzima na mimi tukajipakia kwenye lifti. Katikati ya ghorofa mbili ikasita, ikatulia. Giza totoro. Mjumbe mmoja akaanza kusali. Waziri alikuwa amenikanyaga kidole na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Nikampigia simu mlinzi wa lango.

"Fungua lango upesi! Mwenyekiti hapa!"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kibali kiko wapi?"

"Kamati nzima imekwama kwenye lifti, bwana wee!"

"Afadhali, basi akidi imetimia. Pitisheni, pigeni mhuri, mniletee kwa mkono." Akakata.

"Mpumbavu gani aliyetunga kanuni hii?" Waziri aliuliza gizani. Kamati yote ikashikwa na kikohozi.

Ndipo tukasikia hatua nje ya mlango. Harufu ilitangulia: mayai viza.

"Dada! Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimemletea Waziri mayai yangu ayaone. Nimeambiwa yuko kwenye sherehe."

"Yuko humu! Sote tumo humu! Dada yangu, mafundi waliacha mtaimbo hapo ukutani. Ubanue mlango, nakusihi."

Tukasikia chuma kikikwaruza sakafu.

"Nimeushika," alisema.

"Mwananchi mwema," Waziri akamrai, sauti laini ya kampeni, "tia nguvu!"

Kisha mtaimbo ukaegemezwa tena ukutani, taratibu, na trei la mayai likasogezwa hadi kwenye upenyo wa mlango. Tukamsikia Dada akiketi kwenye ngazi na kushusha pumzi.

"Nguvu ninazo, Mheshimiwa. Tena zimejaa pomoni. Ila muulize mdogo wangu hapo: akiba ni akiba."