Kitanda kwa Kitanda

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nahama.

Matokeo ya jaribio yamebandikwa asubuhi, kama kila baada ya wiki mbili. Mimi wa kumi na tisa. Kinara wa kwanza. Tena! Kinara si jina lake, lakini darasa zima tumeshasahau lile lingine. Ndiye anayelala kitanda cha juu yangu, kwa hiyo hata usingizini ananizidi.

Shule ya msingi nilikuwa wa kwanza miaka saba mfululizo. Ilifika mahali mwalimu anaanza kusoma orodha kutoka namba mbili, mimi hanitaji kabisa. Hapa wamekusanya wa kwanza arobaini kutoka kila upande wakawaweka bweni moja, na katika watu arobaini lazima awepo wa kumi na tisa. Sikujua kuwa ni mimi. Inauma, sitaki kujidanganya.

Ng'ambo ya mto kuna shule nyingine yenye sifa kama yetu na sweta nzuri kuliko zetu. Huko nitakuwa wa kwanza. Moyo umeshaniambia.

Kikwazo ni kimoja. Wakuu wa shule hizi mbili wana mapatano yao: kitanda kwa kitanda. Hatoki mtu hapa mpaka apatikane wa kule wa kuja kulala alipolala. Fomu zote mbili ziwe mezani kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo mpaka mwakani. Kwa hiyo natafuta mjinga mmoja wa Ng'ambo.

Jumanne, 4 Machi

Barua imekwenda na dereva wa mikate, anayepeleka mikate shule zote mbili. Akaniuliza kama ni ya mapenzi. Nikamwambia ni ya masomo. Akasema wote husema hivyo. Nimemwomba ampe msichana yeyote wa kidato cha tatu mwenye uso wa huzuni; akasema asubuhi wote wana uso huo.

Humo nimeivika shule hii kilemba cha ukoka. Maji ya moto asubuhi na jioni. Madirisha yanatazama bustani. Matroni anatuita wanangu. (Matroni anatuita nyie.) Maktaba nimeipa aya mbili nzima. Nakala nimebaki nayo, maana kazi nzuri haitupwi.

Jumatano, 5 Machi

Jibu! Limekuja juu ya kreti la mikate, lina unga unga. Msichana wa Ng'ambo yuko tayari. Anasema kwao kila mtu ana kabati lake lenye kufuli na walimu wanacheka. Halafu hili: matokeo hayabandikwi ukutani, kila mtu anaitwa pembeni na kuambiwa yake.

Roho ikaniruka kwa furaha. Baada ya dakika kumi ikatua. Kama hayabandikwi, nani atajua kuwa mimi ni wa kwanza?

Nikampigia Mama kwa simu ya ofisi. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha akauliza sweta za huko ni rangi gani. Mama ni fundi cherehani, sare zangu alizishona mwenyewe, sketi akaziwekea upindo mrefu ili nikue nazo mpaka nimalize. Nikamwambia ni za damu ya mzee. Nikasikia cherehani imesimama. Akaniuliza hapa nimekosa nini. Nikasema laini ina kelele, nikakata.

Alhamisi, 6 Machi

Saa moja: nahama. Saa tatu: nabaki. Saa nne: nahama, ila nisubiri chai kwanza.

Wakati wa mapumziko Kinara akaja na kitabu chake cha hesabu, akanielekeza milinganyo ambayo ningekufa nayo. Sikumwomba. Alieleza vizuri mpaka nikakasirika. Akaniachia kitabu nifanyie mazoezi.

Mchana nikasoma nakala ya barua yangu ili nijipe moyo wa kuondoka. Shule gani hii! Nilipofika kwenye maktaba machozi yakanilengalenga. Mtu mwenye akili timamu anaiachaje shule kama hii? Nikakimbia mpaka kwa Mkuu, nikamwomba anifute kwenye orodha ya wanaohama. Akanifuta. Akasema yule wa Ng'ambo ameshatia saini, kwa hiyo atatangaza darasani kama yupo mwingine anayetaka kwenda. Nikacheka moyoni. Atamtoa wapi mjinga wa pili?

Kitabu cha Kinara nimekirudisha.

Ijumaa, 7 Machi

Barua ya Ng'ambo ilikuwa ndani ya kitabu.

Kinara ameisoma. Baba yake kaja na fomu saa tano na nusu. Nilimuuliza anataka nini zaidi, wa kwanza yeye. Akaniambia tangu kidato cha kwanza hajawahi kunywa chai ya Jumatatu ya matokeo ikakaa tumboni. Anataka mahali ambapo hakuna ukuta wa kutazamwa.

Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi mpaka saa tisa. Saa tisa wakashusha godoro lake, nikabaki natazama mbao tupu juu yangu. Nilimwambia matroni nina njaa. Nilitaka kulia.

Jumatatu, 10 Machi

Mgeni amefika. Kitu cha kwanza akafungua bomba. Akangoja. Akaweka kidole, akangoja tena. Akauliza bustani iko wapi, nikamwonyesha tuta la vitunguu la matroni.

Mimi nikamuuliza habari za makabati yenye kufuli. Akasema kwao wana misumari ukutani. Walimu? Anayecheka ni mmoja, naye anastaafu. Ni kwenye matokeo tu ambako hakudanganya.

Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza. Simpendi.

Jumatatu, 17 Machi

Matokeo. Mgeni wa kwanza! Mimi wa ishirini na tatu. Hesabu ndiyo iliyonizamisha. Hapakuwa na wa kunielekeza.

Dereva wa mikate ameleta barua ya Kinara. Anasema hajui yeye ni wa ngapi na amenenepa. Anauliza kama ile milinganyo nimeiweza. Barua nimeisoma mara nne, mara ya nne nyuma ya jiko, kwa sababu ya macho yangu. Namtaka arudi. Kumbe ndiye aliyekuwa akinishikilia kwenye kumi na tisa, nami nikamfungulia mlango kwa mkono wangu. Basi nimeshajifunza. Sifanyi tena mambo kwa pupa.

Nimemjibu hapo hapo. Nimemwandikia kwamba huku matokeo hayabandikwi tena, ukuta umebomolewa. Kisha nikaenda kwa Mkuu kuuliza habari za fomu za mwakani. Akasema mapatano ni yale yale: ili Kinara arudi, lazima mmoja wa hapa aende Ng'ambo. Nimefikiri kwa makini, safari hii bila haraka, nani wa kumpisha.

Nimejaza jina langu. Huko nitakuwa wa kwanza.