Uzinduzi wa Dirisha la Wenzi, Granviken

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Granviken, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Makamu wa Makamu, mchungaji wetu, wadau wote wa ndoa, mabibi na mabwana: ambaye sikumtaja na avute namba ya foleni kwenye mashine pale mlangoni, nitamfikia. (Makofi. Mashine inatoa namba.)

Mimi, Birger Åkerlund, Mkurugenzi wa Ukaazi, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzindua Dirisha la Wenzi, mradi wa kimkakati uliofanyiwa upembuzi yakinifu, ukapembuliwa tena, ukashirikisha ngazi zote kuanzia orofa ya pili mpaka ya tatu, ili mume au mke wa kigeni ambaye kibali chake cha muda kimekwisha akamilishiwe ukaazi wa kudumu papo hapo, kwa tabasamu. Kuridhika kwa wateja kumefika asilimia tisini na nane tangu tulipoacha kuwauliza wateja. (Makofi ya orofa ya tatu.)

Tunaye mfano hai, Bi Pranee kutoka Thailand, mke wa Bwana Hjalmar anayetuondolea theluji barabarani. Aliomba ukaazi wa kudumu mapema kabisa, kibali chake kikiwa hai, nasi tukachambua maombi kwa umakini mkubwa mpaka kibali kikafa. Sasa sheria iko wazi: asiye na kibali cha muda hapewi cha kudumu, na aliyeomba cha kudumu haongezewi cha muda. Kwa hiyo tumemtaka aondoke nchini Ijumaa. (Hjalmar: "We Birger! Ijumaa si ndiyo kesho!") Ahsante kwa mchango wako, Hjalmar. Vuta namba. ("Ninayo! Namba moja! Nampenda mke wangu, simwachi! Fungua hilo dirisha, acha porojo!" Vicheko, miguno.)

Nafungua, ndugu yangu, usinipande kichwani. Kwanza tumpongeze Bi Pranee kwa mikate hii ya mdalasini aliyotuokea. (Anatafuna.) Mh! Anamshinda hata mke wangu. Huo ndio utangamano! Haya, nakata utepe. (Utepe unakatwa. Pazia linaanguka. Nyuma yake ni ukuta mtupu. "Lo!")

Tulieni! Kisera, dirisha lipo. Lilikuwa na kibali cha ujenzi cha muda. Cha kudumu kikawa mezani kwangu, nikakichambua kwa umakini uleule, cha muda kikaisha. Kisheria, ukuta haukuweza kutobolewa. (Pranee, taratibu: "Kwa hiyo na nyinyi mnaondoka kesho, Mkurugenzi?") La hasha, mama! Ofisi haiwezi kung'olewa hivi hivi, ina watu wanaoitegemea. (Pranee: "Na mimi je? Huyu hapa mume wangu, anamtegemea nani?" Hjalmar anafuta macho kwa kofia.)

Swali zuri sana, litaundiwa kamati. Wenzi kwanza! Dirisha oyee! (Sauti moja, ya orofa ya tatu: "Oyee.") Namshukuru fundi, ambaye hakuwahi kuitwa, wafadhili wa utepe, na zaidi ya wote wewe, Bi Pranee. Kabla hujaenda uwanja wa ndege, mama, hebu tuachie siri ya hii mikate, inaokwaje?

(Pranee anachukua sinia lake, na mkate uliobaki mkononi mwa Mkurugenzi pia. "Vuta namba.")