Ombi la Kurudishiwa Rangi ya Sinki Letu

Mama Mkwe mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza kabla hujapokea mengine, maana mengine nayo yapo. Wajukuu zako hawajambo, binti yako hajambo, na sinki ndilo halijambo kabisa. Asiye na hali nzuri katika nyumba hii ni mimi mkweo, fundi rangi, na ndiyo sababu naandika. Ningekupigia simu, lakini mambo kama haya mkwe hawezi kumtamkia mama mkwe. Ulimi unakuwa mzito. Kalamu haina haya.

Ulipokuja kututembelea tulifurahi sana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami siku ya kwanza nilipona kweli, kwa kuwa binti yako hakunigombeza hata mara moja mbele yako. Kesho yake nikaenda kazini na ngazi yangu begani. Kurudi, nikakuta umefanya jambo. Ulikuwa umenyunyiza magadi kwenye sinki la jikoni, ukamwagia siki, povu likapanda, kisha ukasugua kwa nusu ndimu na dodoki, pembe hadi pembe, mpaka ndani ya tundu la kutolea maji. Ukasuuza kwa maji ya moto, ukakausha kwa kitambaa. Sinki likawa jeupe.

Mama, sinki letu halikuwa jeupe. Tulipohamia nyumba hii tulilikuta na rangi yake, rangi ya asali iliyokaa kivulini, na sote tukaamini kwamba ndivyo lilivyotoka kiwandani. Tulikuwa tukiliosha kwa sabuni kila siku ya Mungu, nalo halikubadilika, tukasema basi, hiyo ndiyo sura yake. Nyumba nzima ilikubaliana hivyo na tuliishi kwa amani. Wewe ukaja na ndimu.

Nisikuchoshe. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyawekea namba ili heshima isinipotee njiani.

1. La kwanza ni ukuta. Ukuta wa jikoni niliupaka mwenyewe. Rangi yake niliichanganya kijiko kwa kijiko, nikiinama, nikirudi nyuma, nikifumba jicho moja, mpaka ikalingana na sinki sawasawa. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Mtu akiingia hakuweza kuona sinki linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Rangi ile nikaipa jina, Asali Tulivu, na nikaanza kuwapendekezea wateja. Sasa ukuta uleule umesimama nyuma ya sinki jeupe, na kila mgeni anatupa pole akidhani jiko liliwaka moto.

2. Weupe, Mama, unaambukiza. Sinki lilipong'aa, bomba lake likaonekana chafu. Binti yako akalisugua kwa mswaki, na mswaki ulikuwa wangu. Bomba lilipong'aa, pazia likaonekana chafu, likafuliwa. Likafuata jiko, ikafuata friji, ikafuata swichi ya taa, ambayo sikujua kwamba imeandikwa maneno. Alipomaliza alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akazungusha macho jikoni kote, yakaishia kwangu. Akanitazama vilevile alivyolitazama jiko kabla ya kulivamia. Nilikuwa nimevaa fulana yangu ya nyumbani, ile ninayoipenda. Fulana hiyo nayo ni Asali Tulivu, na sina ujasiri wa kuchunguza ilianza ikiwa rangi gani.

3. Hili la tatu linaniuma, nalisema wazi. Zamani, baada ya chakula cha jioni, binti yako alikuwa akiosha vyombo kwenye sinki nami nikisuuza. Tulikuwa tukizungumza pale. Mambo yote ya nyumba hii yaliamuliwa pale, mikono ikiwa ndani ya maji: mtoto aende shule ipi, nani apewe pole, nani asikopeshwe tena. Siku hizi sinki haliguswi. Majani ya chai ni marufuku, sufuria ni marufuku, na tone la maji likibaki linafutwa kama limekosea. Vyombo vinaoshwa uani kwenye beseni, na beseni halina nafasi ya watu wawili. Mimi nakaa sebuleni na wajukuu zako wananiuliza hesabu.

4. Kinyozi wangu alipaka kibanda chake Asali Tulivu kwa ushauri wangu, na alikuwa akijivunia. Wiki iliyopita alikuja kunirudishia ngazi. Binti yako, kwa moyo wake mwema, akamvuta jikoni aone maajabu, akamsimulia kisa chote tangu magadi mpaka kitambaa. Kinyozi akaaga. Tangu hapo ananinyoa bila kusema neno, na kinyozi aliyenuna akiwa na wembe shingoni mwako si mtu wa kumfanyia mzaha. Jambo moja tu aliniuliza, wakati ananipangusa nywele: je, kuta zake nazo zikisuguliwa kwa ndimu zitakuwaje?

5. La mwisho ndilo kubwa, na ndilo lililonishikisha kalamu. Mwalimu mkuu wa shule ya wajukuu zako alikuwa amekubali nipake shule nzima Asali Tulivu, madarasa yote na ofisi. Tangu nishike brashi sijawahi kupewa kazi kubwa namna hiyo. Lakini ametaka kwanza aione rangi ukutani kwa macho yake, na ukuta niliomtajia, zamani zile za amani, ni wa jikoni kwangu. Anakuja Jumamosi. Ataona ukuta, ataona sinki, na mwenye macho haambiwi tazama. Ataelewa kwamba nilikaa nikachanganya uchafu kwa ustadi mkubwa, nikaupa jina. Nani ataliamini jicho langu tena? Fundi rangi asiyeaminiwa jicho anabaki na ngazi tu.

Kwa hiyo, Mama, kwa heshima na taadhima, naomba uje kabla ya Jumamosi uturudishie rangi ya sinki.

Utauliza kwa nini nisilichafue mwenyewe. Mama, mimi nimelelewa. Kitu alichokisafisha mama mkwe, mkwe akakichafue kwa mkono wake? Uso nitauweka wapi? Aliyefunga ndiye afungue. Vifaa vyote nimeshakuandalia: majani ya chai ya tangu juzi, mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, na sufuria moja niliyoiunguza makusudi, jambo ambalo binti yako halijui. Ninaamini kabisa kwamba mkono ulioondoa uchafu wa miaka kwa mchana mmoja hautashindwa kuurudisha kwa mchana mmoja. Ukipata nafasi, uguse na bomba kidogo.

Ikiwa dhamiri yako itakataa, basi nina ombi dogo zaidi. Njoo Jumamosi asubuhi, uketi kwenye kiti mbele ya sinki ukiwa umevaa lile vazi lako pana, usinyanyuke mpaka mwalimu mkuu aondoke. Tutamwambia miguu inakusumbua.

Nisalimie Baba Mkwe, umwambie ngazi yake nitairudisha. Wasalimie shangazi wote, wajomba, na walio pembeni yao. Na yule jirani yako aliyekufundisha mambo ya ndimu na magadi, naye msalimie, lakini kidogo tu.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Fundi Rangi
(kwa sasa)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mezani ikisubiri bahasha wakati mwalimu mkuu alipokuja Alhamisi, bila taarifa. Niliposikia sauti yake nilisimama mbele ya sinki mimi mwenyewe, lakini mimi ni mwembamba. Akauliza kulikoni, na binti yako akamweleza yote, hakuacha hata povu. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akaomba kiti. Kisha akaugusa ukuta, akaligusa sinki, akafikiri, akasema shule itapakwa rangi mbili: juu nyeupe ya sinki, na chini, mikono na viatu vya watoto vinapofika, Asali Tulivu, kwa sababu rangi iliyozaliwa na uchafu haiwezi kushindwa na watoto. Naanza kazi Jumatatu. Kinyozi amesikia, na sasa anaongea kupita kiasi. Naye anataka juu nyeupe.

Siku hiyo wageni wa pongezi walikuwa wengi na vikombe havikuenea kwenye beseni, ikabidi turudi kwenye sinki. Binti yako aliosha, mimi nikasuuza, nikakausha sinki kwa kitambaa pembe hadi pembe, tukazungumza mpaka maji yakapoa. Tumeendelea hivyo. Jana nilikuta majani ya chai yamenaswa kwenye kizibo, nikafoka hadi wajukuu zako wakakimbilia uani, nikataka kujua ni nani asiye na adabu kwa sinki la watu. Kikombe kilikuwa changu.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu naomba uyasome kisha uyasahau. Majani ya chai nimeyatupa, na sufuria binti yako ameigundua. Lakini bado nakuomba uje, na uje na ndimu. Unalikumbuka sinki letu la bafuni, lile la kijani? Leo asubuhi binti yako alilikwaruza pembeni kwa ukucha, akaniita nije nione. Mlango wa bafuni niliupaka kulingana nalo, na milango yote ya zahanati pia. Njoo upesi, Mama.