Plagini Kumi na Moja Zilizogoma Kuonekana

Efraimu Nnko,
Elerai, Arusha.
Ijumaa.

Kwa Mzee Aminieli,
Mwenyekiti, Kamati ya Kwaya.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA PLAGINI KUMI NA MOJA ZILIZOMO KWENYE KOMPYUTA YA USHARIKA

Shikamoo mzee. Natumaini goti linaendelea vizuri na yule ng'ombe aliyezaa amekubali kukamuliwa. Hapa kwetu wote wazima, ukiniacha mimi.

Barua yenu ya kunitaka nijieleze kwa nini kazi ya kurekodi kwaya imechelewa niliipata Jumatano kwa mkono wa katibu, Mama Esther, aliyenikabidhi kama mtu anayepeleka hati ya mahakama. Nimekaa nayo siku mbili. Nimeamua kujieleza kwa kulalamika, maana ndiyo njia nimeona kamati inaitumia na inawafaa sana.

Kwanza, kwa faida ya wajumbe. Ninyi mko saba, watano hamuimbi, lakini wote mnaijua sauti nzuri, kwa hiyo nitaeleza kifupi. Plagini ni programu ndogo zinazojishikiza kwenye programu kubwa ya kurekodia. Moja inaweka mwangwi, ili mtu aliyeimba kwenye stoo ya viti asikike kama kaimba kanisani. Nyingine inapunguza makelele ya nje, kama yale ya pikipiki. Nyingine inamvuta mtu aliyetoka nje ya sauti na kumrudisha ndani taratibu bila yeye kujua, kazi ambayo wazee wa kanisa wameifanya miaka yote bila umeme. Mimi nilipakia kumi na moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Utoro. Tulirekodi Jumamosi ya wiki tatu zilizopita, kama mnavyojua. Kinanda kilikuwa kimetoka Nduruma kwenye harusi ya Godwin, nikakishusha kwenye gari, nikakipiga hivyo hivyo kilivyo, watu wakaimba. Wimbo wa mavuno ulifika ubeti wa tatu, ule wa Bibi Elinipa, na hapo ndipo sauti ya bibi ilipopasuka mara mbili. Mwenyewe alisimama akaniambia, Baba Aikande, huu wimbo leo mbona umepanda mlima. Nikamjibu kwa heshima kwamba mama, siku hizi vitu vyote vimepanda. Watu wakacheka, tukaendelea.

Kamati ikasikiliza Jumatatu. Ikaamua kwa dakika nne kwamba ubeti wa tatu ulainishwe kwa kompyuta, na kama haulainiki, bibi atolewe na aimbe Simaloi, ambaye ana miaka ishirini na miwili na hajawahi kupasuka popote. Nikapakia plagini usiku na mchana. Kompyuta ikaniandikia kila mara kwamba kazi imekamilika kwa mafanikio. Nikafungua programu ya kurekodia, nikaenda kwenye orodha ya plagini. Tupu. Nikazima, nikawasha. Tupu. Mzee, hata kwenye kikao cha usafi wa kanisa huwa anakuja angalau mtu mmoja.

2. Kukosa shukrani kwa waliozipangia makazi. Mama Esther alikuwa ametoa agizo kwamba wakaguzi wa jimbo wanakuja na kila kitu kwenye kompyuta ya usharika kikae kwenye folda ya jumuiya yake, kisionekane kinazurura. Mimi ni mtu wa kutii. Nilipomaliza tu kuzipakia nilizikuta plagini zimejitupia huko ndani kwenye folda zenye majina ya kizungu, bila mwenyeji, bila barua ya uhamisho. Nikazitoa zote kumi na moja, nikazihamishia kwenye folda safi niliyoiita JUMUIYA YA ELERAI, WAGENI. Mama Esther alinisifu mbele za watu. Nilitegemea na zenyewe zitaona zimepata pa kukaa, zionyeshe uso. Hakuna hata moja iliyoonekana.

3. Kunisababishia uongo ndani ya ukwe. Hapa naomba kamati itulie. Mlinituma mimi nikamwambie Bibi Elinipa kwamba sauti yake imeisha. Mlijua ni mama mkwe wangu. Mlijua kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse amwambie kuhusu koo lake. Mkasema, Efraimu ndiye fundi, atajua namna. Nilifika kwake, nikakaribishwa kiti, nikaletewa maziwa, akaniuliza wimbo umefikia wapi. Nikamwambia, mama, bado kidogo, plagini hazijaonekana. Zikionekana tu, ubeti wako unaingia.

Siku hiyo ilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake. Ningeanza na uongo ningeshtuka mapema.

4. Kusumbua maombi. Mama yangu mkwe hajui plagini ni nini, ila alielewa vizuri kwamba ni kumi na moja, zimepotea, na mkwe wake anahangaika. Jumapili iliyopita akapeleka ombi kwenye meza ya mzee wa zamu. Nawe ulikuwepo. Likasomwa kati ya mgonjwa wa Nduruma na kijana anayetafuta kazi: tuwaombee Plagini kumi na moja wa Jumuiya ya Elerai ambao hawajaonekana nyumbani. Usharika mzima ukasimama. Watu mia tatu. Mke wangu Susana alinifinya mkono akaninong'oneza, Baba Aikande, mtu akikuuliza wamevaa nguo gani unasemaje.

Na haikuishia hapo. Bibi alileta mkungu wa ndizi mshare kama sadaka ya kuzitafuta, ukapigwa mnada baada ya ibada, na wewe mzee ndiye uliyeununua. Sitaki kuuliza ndizi zilikuwa tamu kiasi gani. Nasema tu kwamba umekula ushahidi.

5. Kuwatenganisha watu wazima. Tangu Jumapili hiyo, nyumbani kwangu naitwa baba wa kumi na moja. Simaloi ananikwepa, maana anajua anaandaliwa kumtoa bibi na hapendi. Aliniambia wazi, mjomba, mimi kile kiti sikitaki, bibi ndiye alinifundisha ubeti wenyewe. Fundi wa simu pale Daraja Mbili, anaitwa Stanley, nikipita anatoa salamu mbili, moja yangu na moja ya wapotevu.

Kwa makosa hayo matano naomba plagini zitajwe kwa majina Jumapili tatu mfululizo kama wachumba, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Zisipojitokeza, ziwekwe chini ya nidhamu ya kanisa, zisishiriki harusi wala msiba. Siku zikitubu zisimame mbele, pale pale mnapowasimamisha vijana walioishi pamoja bila kufunga ndoa, na usharika uziangalie vizuri. Nitazishika mkono mwenyewe.

6. Hili la sita si lalamiko. Nilikuwa nimekusudia kuishia la tano, nikasaini kabisa, halafu kalamu ikanizuia.

Mzee, plagini zilionekana Jumanne.

Nilikwenda kwa Stanley nikamweleza. Hakuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Akaniuliza, mzee, zilipowekwa kwenye kompyuta zilikaa wapi zenyewe? Nikamwambia, nimezihamisha, nimezitafutia jumuiya. Akaweka bisibisi chini. Akasema, sasa mzee, programu inaangalia pale ilipoambiwa iangalie, haizunguki nyumba kwa nyumba kama mzee wa kanisa. Akanielekeza: nenda kwenye mipangilio, iambie na hiyo folda yako, halafu iamuru ipekue upya. Nikarudi, nikafanya hivyo. Ule mstari wa kupekua ukatambaa mpaka mwisho, na zikajipanga kumi na moja kwenye orodha kama wanafunzi wa kipaimara.

Kwa hiyo maombi ya watu mia tatu yalijibiwa siku ya pili, na mimi nikalificha jibu. Naandika hili taratibu ili lisomeke.

Nitasema kwa nini. Niliziweka kwenye ubeti wa bibi. Ile ya mwangwi ikamfanya asikike kama mtu aliyetumbukia kwenye simtanki la maji. Ile ya kunyoosha sauti ilimnyoosha kweli. Pale alipopasuka hakupasuka tena. Ila hakuwa yeye. Alikuwa kama mwanamke anayetangaza safari za mabasi. Na ubeti huo, mzee, aliutunga yeye, mwaka kahawa ilipokauka tukabaki tunachoma kuni za mibuni yetu wenyewe, wewe ulikuwa kwenye sauti ya nne na ulilia, nilikuona. Ana miaka sabini na tatu. Hajawahi kurekodiwa maisha yake yote. Wajukuu zake wangebaki na huyo wa mabasi.

Nikaona nina njia mbili. Nikisema zimeonekana, mtaniambia lainisha, na bibi anapotea huku akiimba. Nikisema hazilainishi, mtamweka Simaloi, na bibi anapotea kabisa. Nikachagua ya tatu, kuzima kompyuta na kusema bado hazijaonekana. Juzi bibi aliniuliza tena. Nikamwambia bado. Akaniambia, pole baba, usikate tamaa, watakuja. Nimekuwa mkwe wake miaka kumi na tisa. Kile kiti alichonikalisha nilikiona hakinitoshi.

7. Ombi langu, kwa hiyo. Kamati iamue kwamba kwa kuwa plagini zimeshindikana kwa tabia, basi ubeti wa tatu uingie kwenye wimbo kama ulivyo, na mipasuko yake miwili, kwa huruma tu, kwa sababu ya umri wa bibi na utumishi wake. Iandikwe kwenye muhtasari kwamba ni mashine iliyokosa. Bibi asiambiwe lingine. Mavuno ni wiki mbili zijazo, muda upo. Mimi mnipe adhabu mnayoona, hata kufagia kanisa mwaka mzima, ila mnipangie siku ambazo Mama Esther hayupo ofisini.

Nisalimie nyumba nzima, wajumbe wote saba, na mhudumu wa mlango aliyezitafuta plagini nje baada ya ibada. Mke wangu anawasalimu, anasema hahusiki.

Ni mimi ninayeng'ang'ania nafasi yangu mwisho wa benchi,

Efraimu Nnko,
Mpiga kinanda na fundi wa sauti.

N.B. Jumamosi, saa kumi jioni.

Mzee, nilikuwa sijaifunga bahasha. Asubuhi ya leo nilikwenda kwa mama mkwe kumweleza yote, nikitazama kibuyu cha maziwa, maana usoni sikuweza. Nilimwambia zimeonekana tangu Jumanne, nilimwambia kuhusu Simaloi, nilimwambia kamati imesema sauti imeisha. Akanisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza chochote kuhusu plagini. Akasema, Baba Aikande, twende unipigie kile kinanda.

Tukaenda. Nikampigia wimbo wa mavuno. Akainua mkono, akasema, bado uko mlimani, ushushe. Nikamwambia, mama, haushuki, huu ndio wimbo. Akasema, mimi ndiye nimeutunga, naujua unapokaa.

Nikainama kuangalia kinanda. Kile kitufe cha kupandisha wimbo ngazi kwa ngazi, hata vidole visipohama, kilikuwa kwenye tatu. Nilikipandisha mwenyewe Nduruma, kwenye harusi ya Godwin, kwa ajili ya mwimbaji wao mwenye sauti nyembamba, na sikukirudisha. Tulirekodi kwaya nzima ikiwa imening'inizwa ngazi tatu juu ya wimbo wake. Mtu mmoja tu aliliona, akalisema pale pale, na mimi nikamjibu habari ya vitu kupanda.

Nikakirudisha kwenye sifuri. Saa nane wanakwaya walipokuja mazoezini tuliurekodi upya wimbo wote, ule wa chini, wa kwetu. Simaloi alipomaliza ubeti wa kwanza akashika shingo akasema, kumbe siku ile tulikuwa tunanyongwa wote. Bibi akaimba wa tatu mara moja tu, amevaa mabuti ya shambani, hajapasuka. Akakaa. Akamwambia Simaloi aje Jumatano ampe na wa nne, ambao hajawahi kumwimbia mtu.

Kwa hiyo ile huruma niliyoomba namba saba naiondoa, haina mtu wa kumpa. Uamuzi wenu wa dakika nne nao mtajua pa kuupeleka. Plagini sikugusa hata moja. Zilikuwepo zote kumi na moja, zimetulia kwenye orodha, zinasikiliza.

Naomba barua hii isisomwe kwenye kikao kesho. Na kama lazima isomwe, basi msomaji kila akikuta neno plagini, asome Efraimu.